Mwili unaokesha: jibu kwa mama aliyelala sokoni

Swali: Salaam aleikum, daktari. Mimi ni mama wa watoto wanne, naishi Bombo na nauza nyanya na vitunguu katika soko moja la Kampala. Mwaka 2020 Rais alipoagiza wachuuzi wa vyakula walale sokoni, nililala juu ya magunia siku 41 bila kufika nyumbani. Mwaka uliofuata, mwezi wa Juni, mama yangu alifariki Arua kwa corona. Njia zilikuwa zimefungwa, nikayasikiliza maziko yake kwa simu mpaka salio likaisha. Binti yangu mkubwa, aliyekuwa Senior Two, alipata mimba shule zikiwa zimefungwa, na hadi leo hatuongei vizuri. Watu wamesahau yote hayo, lakini mimi nikisikia redioni kwamba kuna ugonjwa umeingia nchini, moyo unanienda mbio, nakesha nikihesabu chakula kilichomo ndani, na asubuhi sina nguvu ya kupanga meza yangu. Mume wangu anasema nimeingiwa na wazimu, shangazi anasema ni jini. Je, ni wazimu, au ni corona iliyobaki mwilini? Dawa ipo?

Jibu: Waaleikum salaam, dada yangu, na pole kwa msiba wa mama, kwa sababu naona wakati ule hukupata mtu wa kukupa pole hiyo ana kwa ana.

Nianze na neno lililokuumiza. Huna wazimu. Mtu ambaye watu humwita mwenye wazimu ni yule anayesikia sauti ambazo wenzake hawazisikii, au anayeshikilia jambo lisilokuwepo hata aonyeshwe nini, na huyo naye ni mgonjwa anayestahili matibabu kama mgonjwa mwingine yeyote. Wewe unajua vizuri kwamba chakula kipo kabatini hata unapoamka kwenda kukihesabu, unajua kwamba hofu yako imepita kiasi, na ndiyo maana umeandika kuuliza. Ninachokiona, kwa kadiri barua inavyoweza kuonyesha, ni mambo matatu yaliyosokotana: hofu ambayo mwili wako haujapata habari kwamba sababu yake imeondoka, matanga ambayo hayajaanuliwa, na lawama unayojitwisha kwa ajili ya binti yako. Juu ya hayo matatu inawezekana kabisa kwamba sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka, imeshaota, na hilo lazima lipimwe na mtu anayekuona kwa macho.

Si wewe peke yako uliyebaki na mzigo huu. Mwezi wa Machi mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba katika mwaka wa kwanza wa janga, sonona na magonjwa ya wasiwasi yaliongezeka duniani kwa asilimia 25. Watafiti waliokokotoa hesabu za mwaka 2020 walikadiria wagonjwa wa ziada wa sonona kuwa milioni 53 na wa wasiwasi milioni 76, na ongezeko hilo liliwaelemea zaidi wanawake na vijana. Hapa kwetu mara nyingi nasikia ikisemwa kwamba Uganda iliponea chupuchupu, kwa sababu vifo vilivyothibitishwa ni takriban 3,600. Nawaheshimu wasemao hivyo, lakini naona wanapima kwa mizani isiyo yake. Mgonjwa wa kwanza alitangazwa tarehe 21 Machi 2020, na kabla ya mwezi ule kwisha matatu zilikuwa zimesimamishwa, boda boda hazikuruhusiwa kubeba abiria, na marufuku ya kutoka usiku imeanza. Shule zilizofungwa mwezi huohuo hazikufunguliwa kikamilifu mpaka tarehe 10 Januari 2022, na hakuna nchi nyingine duniani iliyofunga shule kwa muda mrefu kuliko huo. Wanafunzi wapatao milioni 15 waliguswa. Kirusi hakikuhitaji kuingia katika nyumba ili kuiumiza. Kilichokatika ni vile vitu vya kila siku vinavyomweka mtu sawa, yaani kazi, shule, safari ya kwenda kumwona mgonjwa, jirani anayebisha hodi na mkusanyiko wa msibani, na kwako wewe vilikatika vyote kwa pamoja.

Sasa nizungumzie usiku wako. Mwanadamu anapokuwa hatarini, ubongo huziamuru tezi zilizo juu ya figo kumwaga adrenalini na homoni nyingine kwenye damu, moyo unakwenda mbio, misuli inakaza, usingizi unakuwa mwepesi kama wa paka, ili mtu aweze kukimbia au kupambana. Hatari ikipita, mambo hayo hutulia yenyewe. Lakini hatari ikikaa wiki baada ya wiki, na mtu akiwa hana mahali pa kukimbilia, mwili hujifunza kukesha na kuufanya mkesho kuwa tabia yake. Fikiria ulivyolala: magunia chini, chandarua kimefungwa kwenye nguzo mbili za meza, fedha za siku zimefundikwa kwenye pindo la kanga, watu usiowajua wanakohoa upande wa pili wa masanduku ya nyanya, na hujui kama wanao kule Bombo wamekula. Kila kikohozi kilikuwa habari mbaya. Kila tangazo la redio liliongeza siku. Mwili uliokaa hivyo siku 41 ulijifunza kwamba redio ikianza kusema habari za ugonjwa, balaa linafuata, na somo hilo lilirudiwa mara kadhaa: Juni 2021 kulipofungwa kwa mara ya pili, Septemba 2022 Ebola ilipotangazwa Mubende na watu wa Mubende na Kassanda wakafungiwa, kisha Januari 2025 Ebola ilipotangazwa Kampala kwenyewe. Kwa hiyo moyo wako unapodunda leo unafanya kazi uliyofundishwa, ila unaifanya katika wakati usiohitaji kazi hiyo.

Nalijua jambo hili kwa kulisoma, na nalijua kwa njia nyingine pia. Katika wimbi la mwaka 2021 nilifanya kazi wodini, na tulizika wenzetu. Kwa muda mrefu baada ya hapo harufu ya klorini ilitosha kunifanya nisimame mlangoni, mikono ikitoka jasho, hata kama ni mtu tu anasafisha sakafu. Nilijua ni klorini tu, lakini mikono yangu haikujua, na ilinichukua miezi mingi, na mazungumzo mengi na mwenzangu mmoja mwenye subira, kabla haijajua.

Kuhesabu chakula nako kuna mantiki yake. Mwezi wa Aprili 2020 serikali ilipogawa kilo 6 za posho, yaani unga wa mahindi, na kilo 3 za maharage kwa kila mtu, ugawaji ulianzia Kampala na Wakiso, na Bombo iko Luwero. Nadhani ulikuwa ukiuza vyakula mchana kutwa huku ukiwaza kama kwako kuna cha kupika. Mama aliyepitia hayo haniogopeshi anapoamka saa nane za usiku kufunua debe la unga. Ninachotaka ni kumhamisha kutoka usiku kwenda mchana. Chagua siku moja ya wiki, tuseme Ijumaa baada ya sala, uhesabu kila kitu kwa mwanga wa jua, uandike kwenye karatasi na kuibandika ndani ya mlango wa kabati. Ukiamka usiku na hamu ya kuhesabu, soma karatasi na usifunue debe. Siku za kwanza utaona ni kazi ngumu. Keti, pumua ndani kwa kuhesabu hadi nne, kisha utoe pumzi polepole kwa kuhesabu hadi sita, urudie kwa dakika tano, kwa sababu pumzi ndefu ya kutoka ndiyo inayoushusha moyo. Habari za redio usikilize mara moja kwa siku, mchana, ukiwa pamoja na mtu mwingine, na usizisikilize kamwe ukiwa umeshalala. Sikuambii uzikimbie habari kabisa, maana anachokikimbia mtu kila siku huzidi kukua, na Ebola ikija kweli ni lazima ujue la kufanya.

Jambo la pili ndilo lililonifanya niisome barua yako mara tatu. Umeandika kwa mstari mmoja tu kwamba uliyasikiliza maziko ya mama yako kwa simu mpaka salio likaisha, kisha ukapita haraka kwenda kwa binti. Sisi Waganda wa makabila yote tulizoea kuliita jambo lile mazishi ya kisayansi: kikundi cha watu waliovaa mavazi meupe mwili mzima, jeneza linaloshushwa bila kufunguliwa, jamaa wachache wamesimama mbali, na shughuli imekwisha kabla chai haijachemka. Hatua hizo zilikuwa na sababu zake wakati ule, na sizilaumu. Hata hivyo tujue zilichukua nini. Mila zetu, za Baganda kwa okwabya olumbe, yaani shughuli ya kuhitimisha msiba, za Waislamu kwa kuosha, kukafini, kusalia na kukutana kwa hitima na arobaini, hazikuwekwa kwa ajili ya marehemu peke yake. Zinamwambia aliyebaki, kwa macho na masikio na mikono yake, kwamba mzazi ameondoka na kwamba watu wapo. Mtu asiyeona wala kugusa, ambaye hakuna aliyemshika bega, hubaki na msiba unaoning'inia. Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022, linautambua msiba wa namna hiyo, ambao makali yake hayapungui baada ya miezi sita na zaidi na unaomzuia mtu kuishi maisha yake, kuwa hali inayohitaji matibabu.

Ushauri wangu hapa ni wa wazi: nenda Arua. Usingoje upone kwanza ndipo uende, kwa sababu safari hiyo ni sehemu ya dawa. Nenda na ndugu zako, simama kaburini, mwombee mama kwa sauti, kaa katika nyumba yake, umwombe aliyekuwepo siku ile akusimulie mwanzo hadi mwisho yale usiyoyasikia baada ya salio kukatika. Kama hitima haikusomwa, isomwe sasa. Miaka iliyopita haizuii dua. Utalia sana, na usiku wa kwanza huenda hofu ikaongezeka. Hilo lisikutishe, maana kidonda kinachosafishwa huuma kuliko kilichofunikwa.

Kuhusu binti yako, nisikilize kwa makini. Hukuandika neno kosa, lakini liko nyuma ya kila sentensi: laiti ningekuwa nyumbani. Dada yangu, unaihukumu siku ya Aprili 2020 kwa habari ulizozipata mwaka mmoja baadaye. Siku ile mbele yako palikuwa na njia mbili tu, kulala sokoni na watoto wakala, au kurudi nyumbani na meza ikapotea. Shule zilikaa zimefungwa karibu miaka miwili, na mimba za wasichana waliokuwa nyumbani zilisumbua kila wilaya, zikiwemo nyumba ambazo mama hakutoka hata siku moja. Aliyempa mtoto mimba ndiye wa kuulizwa, na kama binti alikuwa chini ya miaka 18, sheria ya Uganda inaliita tendo hilo jinai. Lawama isiyo yako ina ubaya mwingine: humfanya mzazi akwepe macho ya mwanawe, na mwana akasoma kule kukwepa kuwa ni chuki. Huenda binti yako anaamini kwamba umemchoka, huku wewe ukiamini kwamba amekukasirikia. Mwite siku moja mkimenya ndizi, mikono ikiwa na kazi ili macho yasilazimike kukutana, umwambie jambo moja tu: kwamba siku zile ulimwogopea kila usiku, na kwamba bado unasikitika hukuwepo alipokuhitaji. Usiongeze ushauri. Akinyamaza, mwache anyamaze. Na kama bado ana hamu ya masomo, shule zilipofunguliwa Januari 2022 serikali iliagiza wasichana wajawazito na waliojifungua wapokelewe, na mafunzo ya ufundi nayo yapo. Lakini mazungumzo hayo ni ya siku nyingine.

Uliuliza kama ni corona iliyobaki mwilini. Kuna watu ambao baada ya kuugua corona hubaki kwa miezi na uchovu, pumzi fupi na akili nzito, na madaktari wanaitambua hali hiyo. Wewe hukutaja kuugua, na dalili zako zinafuata redio na usiku kuliko zinavyofuata ugonjwa wa mwili. Hata hivyo omba upimwe damu, kwa sababu upungufu wa damu, ugonjwa wa tezi ya shingo na mabadiliko ya mwili wakati wa kukoma hedhi huweza kuleta moyo kwenda mbio, kukosa usingizi na kuishiwa nguvu.

Mume wako na shangazi yako, nadhani, wanatafuta jina la kitu kinachowatia hofu wao pia. Dua na ruqya, yaani kusomewa Qur'ani, havigombani na tiba. Nimewahudumia wengi waliokuja kwangu wakitoka kwa shehe, na mashehe wengi wenye busara ndio wanaowaleta. Kataa jambo moja tu, la kufungwa, kupigwa, kunyimwa chakula au kukatazwa hospitali kwa jina la kutoa jini. Mume wako umwombe aje nawe siku ya kwanza kliniki. Nimeona mara nyingi kwamba mwanamume anayesema wazimu nyumbani husema maneno mengine kabisa akishaelezwa na mtu wa tatu, na wakati mwingine yeye mwenyewe hubaki nyuma kuuliza habari zake.

Dawa ipo, lakini si ya vidonge tu, na hapa Uganda ina jambo la kujivunia. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watafiti waliwauliza wanavijiji wa Rakai na Masaka mateso ya moyo wanayaitaje, wakatajiwa y'okwekyawa, yaani kujichukia, na okwekubazida, yaani kujihurumia, hali zinazokaribiana sana na sonona inayoandikwa vitabuni. Kisha wakaanzisha vikundi vya mazungumzo, vya wanawake peke yao na vya wanaume peke yao, vilivyokutana mara moja kwa wiki kwa dakika 90, wiki 16 mfululizo, vikiongozwa na watu wa eneo hilohilo waliofunzwa kwa wiki 2. Kikundi hakizungumzii mambo yote ya dunia. Kinashughulika na msiba, ugomvi na watu wa karibu, mabadiliko makubwa ya maisha, na upweke. Ukijitazama, yako yote yamo humo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2003: kati ya walioshiriki, waliobaki na sonona kamili walikuwa asilimia 6.5, na kati ya wasioshiriki walikuwa asilimia 54.7. Shirika la StrongMinds, lililoanzishwa mwaka 2013, limeendeleza njia hiyohiyo nchini, hasa kwa wanawake, na wakati wa janga vikundi vyake viliendelea kwa simu. Uliza kwa mhudumu wa afya wa kijiji kama kuna kikundi karibu nawe. Mimi nakiweka kikundi mbele ya kidonge kwa mtu mwenye hali kama yako.

Vidonge navyo vina mahali pake sonona ikiwa nzito. Fluoksetini na amitriptilini hutolewa katika vituo vya serikali. Huchukua wiki 2 hadi 4, pengine zaidi, kabla ya kuonyesha nafuu, hunywewa kila siku na si siku mawazo yanapozidi tu, na haziachwi ghafla. Usinunue diazepamu, ile ambayo wengi huiita valiamu, kwenye duka la dawa ili upate usingizi. Inalaza usiku chache, kisha mwili unaidai.

Kuna swali ambalo ningekuuliza kama ungekuwa mbele yangu, na nakuuliza hapa: je, kuna siku unaona heri usingekuwepo, au unafikiria kujidhuru? Ukijibu ndiyo, usingoje miadi yoyote. Mwambie mtu mmoja leo, asikuache peke yako, na mwende Hospitali ya Taifa ya Butabika, upande wa mashariki wa Kampala, au hospitali yoyote iliyo karibu nanyi.

Kama si hivyo, nenda wiki hii katika kituo cha afya cha daraja la nne kilicho karibu, uulize afisa tabibu au muuguzi wa magonjwa ya akili ni siku gani anakuwepo. Watu wengi wakiingia chumbani husema kichwa kinauma na usingizi hauji, wakatoka na panadol. Wewe mwambie hivi: tangu mwaka 2020 nashtuka nikisikia habari za ugonjwa na usiku nakesha, mama yangu alifariki 2021 na sikumzika, na asubuhi sina nguvu ya kwenda kazini. Mwambie pia umeanza lini kukosa hamu ya mambo uliyoyapenda, na kama hali hiyo imekaa zaidi ya wiki 2 karibu kila siku. Barua hii unaweza kwenda nayo, na nafasi ya mume wako kwenye benchi la kungojea uiweke.